Nilirudisha daftari la kwaya, nikaanza kuimba tena

#1 Besi wa Kimara (mwanzisha uzi)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na wakuu wengine wote salaam.

Uzi ni mrefu kidogo, naandika nikiwa kwenye foleni ya mabasi ya mwendokasi Gerezani, Dar na foleni yenyewe haionyeshi dalili ya kusogea. Wenye haraka mtanisamehe.

Mimi ni mhasibu wa kampuni ndogo ya kutoa mizigo bandarini. Tarehe 7 nina PAYE (kodi ya mishahara), tarehe 20 nina VAT (kodi ya ongezeko la thamani), na katikati ya hapo kuna wateja wanaopiga simu saa 4 usiku kuuliza kontena lao limelala wapi. Natoka nyumbani Kimara saa 11 na nusu alfajiri. Watoto wawili, mke ana duka. Kanisani, usharika mmoja wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) ambao sitautaja, nilikuwa mwimbaji wa sauti ya nne, yaani besi, katibu wa kwaya, mweka hazina wa jumuiya na mjumbe wa kamati ya ujenzi. Mlutheri yeyote humu anajua: ukishaonekana unaweza kuandika barua na kujumlisha hesabu, utachaguliwa kila kamati hata siku ambayo hukuja.

Watu husema ubize ndio unaoua furaha ya utumishi. Kwangu mimi haikuwa hivyo. Kabla mwendokasi haujaanza mwaka 2016 tulikuwa tunakaa Barabara ya Morogoro masaa mawili na zaidi ndani ya daladala, umebanwa mpaka huwezi kutoa simu mfukoni, na bado nilikuwa nashukia mazoezini moja kwa moja, njaa inauma, nikiimba. Muda nilikuwa sina. Furaha nilikuwa nayo.

Iliondoka siku nilipopewa daftari la mahudhurio, ingawa sikujua siku hiyo.

Kwaya yetu ina faini. Ukichelewa zaidi ya dakika 15 ni mia tano, usipofika bila taarifa ni elfu moja. Alhamisi moja ya masika, mvua imepiga tangu saa 9, niko kwenye meza karibu na mlango, daftari mbele yangu na kalamu nyekundu ya wachelewaji (ndiyo, niliinunua kwa hela yangu). Akaingia mama mmoja wa sauti ya kwanza ambaye anauza chapati stendi. Kanga imelowa mpaka kiunoni, viatu kashika mkononi, unga umegandia kwenye kiwiko. Dakika 40. Sikuinua uso. Nikaandika jina, nikaandika 500. Akafungua pindo la kanga, akaweka sarafu juu ya daftari, bado ina joto la mwili, akasema kwa upole kabisa, "Katibu, na salamu nayo siku hizi ina faini?"

Sauti ya tatu wakacheka, nami nikacheka. Nikafunga daftari nikaenda kusimama na wenzangu, tukaimba. Ndipo nikagundua ubeti wa pili siujui. Wimbo ule tulikuwa tumeshauimba ibadani mara tatu! Mara zote hizo nilikuwa nafungua mdomo huku nahesabu vichwa.

Usiku ule mke wangu, bila kujua lolote, akaniambia, "Mwenzangu, siku hizi ukitoka kanisani unakuwa mkali kuliko ukitoka kazini." Sikuwa na la kumjibu, nikaomba maji ya kuoga.

Nilimfuata mchungaji nikiwa nimejiandaa kuambiwa nifunge siku tatu. Akanifungulia Kutoka 18. Yethro amekuja kumtembelea Musa, anamkuta amekaa anaamua mashauri ya watu tangu asubuhi hata jioni, anamwambia, "Jambo hili ufanyalo si jema." Mchungaji akasema, ona, mzee huyu hakumwambia mkwewe aongeze maombi. Alimwambia atafute watu, awaweke wakuu wa maelfu, wa mia, wa hamsini na wa kumi. Kisha akaniuliza: ukiambiwa ubaki na kitu kimoja tu humu kanisani, utabaki na kipi? Nikajibu kabla sijafikiri: besi.

Kukabidhi kulichukua miezi mitatu, maneno yalikuwepo, "amerudi nyuma", "ana kiburi cha kazi", hayo tuyaache. Leo nina kitu kimoja. Mwalimu anatuma sauti ya nne kwenye WhatsApp, nasikiliza ndani ya basi asubuhi huku naimba chinichini. Juzi kijana mmoja aliyekaa pembeni yangu akanigusa bega: "Mzee samahani, hapo unaangukia *mi* mapema, shikilia *fa* kwanza." Kumbe anapiga kinanda parokia moja huko Ubungo. Tumeenda tunaimba mpaka Magomeni, yeye sauti ya tatu, mimi besi, abiria wanatutazama.

Wiki ya tarehe 7 na wiki ya tarehe 20 kwaya inajua wasinitegemee. Wiki zilizobaki nipo mwili na roho.

Ninyi wenzangu mnafanyaje? Nani ana kazi, watoto, na bado anatumika bila kununa?

---

#2 Mkeka Umetandikwa

Siti ya mbele. Chapati za huyo mama zinauzwa stendi gani mkuu?

---

#3 Nesi wa Zamu

Shalom. Mimi ni nesi, hospitali ya serikali, zamu zinanizungusha asubuhi, jioni, usiku. Jumapili ninayokuwa huru ni moja, au mbili Mungu akipenda.

Naomba niseme kitu ambacho hakitapendwa. Watu kama mimi huwa tunafarijiwa kwa kuambiwa "wodini kwako ndiyo madhabahu yako, hiyo ndiyo huduma yako". Nakubali kazi niifanye kama kwa Bwana. Ila ile nalipwa. Nikichoma sindano vizuri, nimefanya ninacholipiwa mshahara. Moyo wangu ulikuwa unataka kitu ambacho hakina mshahara, hakina posho, na matron hatakikagua.

Kwenye jumuiya yetu kuna bibi mmoja miguu imemshinda, sukari inamsumbua. Kila nikitoka zamu ya usiku ya Jumatatu, Jumanne saa 3 asubuhi napita kwake kabla sijaenda kulala. Nampima presha, naangalia nyayo kama kuna kidonda (mwenye sukari anaweza kuchomwa na msumari asijue), namkata kucha. Kucha za wazee ni ngumu, unaziloweka kwanza kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, na hapo kwenye kuloweka ndipo stori zinapoanzia. Dakika 30, mara nyingine 40. Msimu wa embe ananiwekea moja chini ya mto, imefungwa kwenye gazeti, wajukuu wasiione.

Nimechoka nikiingia pale, na nikitoka bado nimechoka. Ila nalala vizuri.

---

#4 Kijiweni Hakulali

Makanisa ya siku hizi michango tu. Mara ujenzi, mara sare, mara zawadi ya mchungaji. Jamaa umejitoa kamati ya ujenzi umefanya la maana, malizia tu kwa kujitoa na kwingine upumzike Jumapili uangalie mpira.

---

#5 Besi wa Kimara

@Kijiweni Hakulali mkuu mpira naangalia, tena Jumamosi. Michango nayo bado natoa. Nilichorudisha ni vyeo, si sadaka.

@Nesi wa Zamu hiyo ya embe chini ya mto imenifanya nimpigie simu mama yangu Moshi.

---

#6 Mwana wa Maandalio

Heri wapendwa. Mimi Msabato, na najua wengi mnadhani sisi hili tumeshalimaliza kwa kuwa na siku nzima ya pumziko. Ngoja niwape siri ya nyumbani.

Nilikuwa shemasi. Ijumaa ni siku ya maandalio, kabla jua halijazama chakula cha Sabato kimeshapikwa, nyumba imesafishwa, nguo zimenyooshwa, nami nakimbia kutoka kazini kwenda kupanga viti. Sabato asubuhi nafungua milango, Shule ya Sabato, ibada kuu, chakula cha wageni, kipindi cha mchana, kufunga Sabato, kufagia. Jua linazama, nimechoka kuliko mchana wowote wa wiki. Siku ya pumziko nilikuwa nawapumzisha wenzangu!

Tulichofanya ni jambo dogo sana la kiutawala. Tulikuwa mashemasi wanane na wote tulikuwa "kazini" kila Sabato, wawili wanafanya kazi na sita wanazunguka na beji. Tukagawana zamu, wawili wawili. Ikimaanisha kila mtu ana Sabato moja ya kazi, tatu za kukaa na familia kama muumini wa kawaida. Mara ya kwanza kukaa kwenye benchi na mwanangu nikashangaa: dogo anajua mafungu ya kukariri mengi kunizidi.

---

#7 Mama Watatu

Nasoma huku nanyonyesha. Watoto watatu, wa mwisho ana miezi minne. Nilikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili, sasa sijafundisha miezi. Kila Jumapili mwenyekiti wa walimu ananiuliza "unarudi lini, Mikaeli na Watoto (sikukuu ya watoto kanisani) inakuja, nani atafundisha watoto maigizo?" Nikirudi nyumbani najiona nimemwacha Mungu. Mnafanyaje kusema hapana bila kuonekana mna kiburi?

---

#8 Mama Mzee

Mwanangu Mama Watatu, marahaba kabla hujaniamkia.

Mimi ni mzee wa kanisa, nina miaka 67, nimelea sita. Kuanzia mtoto wa pili mpaka wa nne nilikaa nje ya kwaya miaka sita. Nilikuwa nakaa benchi la nyuma karibu na mlango ili akilia nitoke. Mahubiri mengi nimeyasikia nusu. Hakuna aliyefuta jina langu mbinguni. Huyo wa nne alipoanza kutembea nilirudi, nikakuta sauti imeshuka, kutoka sauti ya kwanza nikawekwa ya pili, na huko nimekaa mpaka leo.

Huyo mwenyekiti mwambie hivi: "Nitarudi mtoto akianza kutembea." Mpe kitu anachoweza kuhesabu. Ukisema "tutaona" atakuuliza kila wiki, na haki yake.

Tena, kwa kuwa nimeshaanza kuandika. Martha anaonewa sana mahubirini. Kila akina mama wakichoka jikoni wanasomewa Luka 10, "Martha, Martha, unasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi". Someni Bwana alimkemea kwa lipi. Hajamkemea kwa kupika. Alikuwa amefadhaika, mpaka akaanza kumshitaki ndugu yake mbele ya mgeni. Sasa nendeni Yohana 12, nyumba ya Bethania, Lazaro ameshafufuliwa, karamu imeandaliwa. Martha yuko wapi? Anatumika! Yuleyule, kazi ileile, na safari hii hakuna anayemwambia neno, na yeye hamlalamikii Mariamu ingawa Mariamu yuko tena miguuni pa Bwana, na marhamu ya nardo. Miaka yote hii nasubiri mchungaji ahubiri hiyo.

---

#9 Mama Watatu

Shikamoo mama. Nimelia, lakini vizuri. Namwambia Jumapili hii.

---

#10 Alto wa Daftari

Nimeusoma uzi huu tangu juzi najizuia. Leo nimeshindwa.

@Besi wa Kimara, kaka, mimi ndiye niliyepokea daftari lako. Najua ni wewe, maana kalamu nyekundu ilikuja nalo.

Uzi ni mzuri, ila kuna kitu umekiruka. Daftari halikuyeyuka ulipolirudisha. Lilikuja kwangu. Mimi nami nina kazi (nafundisha darasa la tatu, watoto 90 na kitu), nami nina nyumba. Kila anayeandika hapa "nimebaki na kitu kimoja" ajue kuna mtu wa pili ambaye sasa ana vitu viwili. Musa aligawa kazi, sawa, lakini hakuna anayeuliza wale wakuu wa kumi walipata usingizi saa ngapi.

La pili, na hili litakushangaza. Mimi daftari nalipenda. Wewe liliondoa furaha yako, mimi limenipa. Nilikuwa naimba kwaya miaka minne sijui mwenzangu wa kulia anaishi wapi. Sasa kila jina lisilo na tiki naliandikia sababu pembeni. Napiga simu Ijumaa mchana, mapumziko ya chai. Mmoja mtoto alikuwa amelazwa, mmoja alifukuzwa kwenye nyumba ya kupanga, mmoja alikuwa amegombana na mwalimu wa kwaya anaona aibu kurudi. Huyo wa mwisho nilimfuata kwake na maandazi. Faini sijaiondoa, sheria ya kwaya si yangu. Ila kalamu natumia ya bluu.

Kwa hiyo usiwaambie watu kwamba daftari ni adui wa furaha. Sema halikuwa lako.

---

#11 Besi wa Kimara

Dada, nimesoma mara tatu. Sina utetezi. Nilipokabidhi nilihisi mwepesi mno, nikasahau kuuliza uzito umeenda wapi. Nisamehe. Hesabu za mwisho wa mwaka za kwaya, zile za kuwasilisha kwenye mkutano, niachie mimi. Hizo nafanya kwa usiku mmoja na wala sinuni.

---

#12 Alto wa Daftari

Hesabu nimekupa. Hairudishwi hiyo.

---

#13 Wa Kilifi Yuko Muscat

Hamjambo nyote. Niko Oman mwaka wa tatu, kazi za ndani. Kwetu ni Kilifi, Anglikana.

Nataka niwaambie habari ya huku mpime wenyewe. Huku mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hivyo ibada zetu kubwa ni Ijumaa. Miezi ya kwanza nilihisi vibaya, kuimba "hii ni siku aliyoifanya Bwana" siku ya Ijumaa! Sasa nishazoea. Nyumba ninayofanya kazi hawana ubaya, lakini ruhusa yangu ni Ijumaa mbili kwa mwezi, na ikiwa kuna wageni hiyo nayo inakwenda.

Tuko kikundi cha Waswahili, Wakenya na Watanzania, Mrundi mmoja. Hatuna sare, hatuna kinanda, tunakutana nusu saa kabla ya ibada kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa kwa sababu ndani kuna Wahindi wanamaliza ibada yao na nje ni joto la kukausha mate. Tunafanya mazoezi ya wimbo mmoja. Mwezi wa nane hata simu inazima yenyewe kwa joto. Kazi yangu baada ya ibada ni kuosha vikombe vya chai. Naosha polepole makusudi, ili nisirudi mapema.

Nyinyi mnalilia daftari na vikao. Mimi ningeomba nipate mahali pa kutozwa faini ya kuchelewa.

Sisemi kwa kuwasuta. Nawasoma kila usiku nikishamaliza vyombo.

---

#14 Nesi wa Zamu

Dada wa Muscat, ukipata Ijumaa yako njoo useme humu mmeimba wimbo gani.

---

#15 Kijiweni Hakulali

Mmenifanya nisome uzi wa kanisa mpaka mwisho, mnanidai bando. Huyo wa Muscat Mungu amtunze. Nimesema.

---

#16 Besi wa Kimara

Wakuu, mrejesho mfupi nisije nikaonekana nimetelekeza uzi.

Jana Alhamisi. Kontena la mteja lilishikwa mpaka saa 11 na nusu jioni, mvua imeanguka, njia ya mwendokasi imejaa maji Jangwani kama kawaida yake, nimeshuka nimetembea kipande. Nimeingia mazoezini dakika 35 baada ya muda, suruali nimekunja mpaka magotini. Wimbo wa Pasaka, sauti ya kwanza wanarudia mstari wao. Yule mama wa chapati alikuwa ameshafika, mkavu, kakaa mbele kabisa, ananiangalia.

Nikatoa mia tano nikaiweka mezani. Katibu akaweka kalamu yake ya bluu chini.

"Salamu kwanza, kaka."

Nikamsalimia. Akauliza watoto, akauliza mama wa Moshi. Ndipo akaandika.